Siku moja Toledo na wanafunzi wa historia: tuache nini, tubaki na nini?

Mwalimu wa Historia, Kampala

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wale waliosoma au kuishi Uhispania, na pia wa walimu wenzangu wanaofundisha historia ya dini, hata kama hawajafika huko. Mwezi wa tano mwakani nitaongozana na wanafunzi 18 wa mwaka wa tatu kwenda Madrid, ambako chuo kimoja kimetualika kwa mihadhara ya wiki mbili. Wenyeji wetu wametuachia siku moja huru, ama Jumatatu ama Jumanne kama tutakavyoona inafaa, nasi tumekwisha kukubaliana kwamba siku hiyo tutakwenda Toledo.

Mji huo uko kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Madrid, juu ya jabali linalozungukwa na mto Tajo pande tatu, na dola kadhaa zimepokezana ndani ya kuta zake. Wavisigothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Uhispania baada ya Warumi, waliufanya makao yao makuu, Waislamu wakautwaa mwanzoni mwa karne ya 8, na mwaka 1085 ukaingia mikononi mwa Alfonso wa Sita, mfalme wa Castilla na León. UNESCO iliuweka mji mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986. Wanafunzi wangu wanasoma somo la dini na utawala, kwa hiyo mahali ambapo msikiti, masinagogi na kanisa kuu vimesimama umbali wa kutembea kwa miguu ni darasa ambalo mimi siwezi kuwapa hapa nyumbani.

Kinachonisumbua ni ratiba. Wakala wa safari ametuletea mpango wa sehemu 11 kwa saa saba, ikiwemo karakana ya kutengeneza panga, duka la peremende na makumbusho ya jeshi. Nilipousoma nilizifikiria ziara zetu za vilima vya Kampala, ambapo basi huanzia Kasubi, likapanda Namirembe, likashuka na kupanda Rubaga, likavuka hadi Kibuli na kumalizia Old Kampala kabla ya jua kuzama. Mwanafunzi hurudi na picha nyingi katika simu yake, lakini ukimuuliza kilima kile kilitolewa na nani, kwa ajili ya nani na baada ya vita gani, anabaki kukutazama. Sitaki kuwasafirisha watu hadi Ulaya kwa matokeo ya namna hiyo.

Kwa hiyo nauliza mambo manne. Tuchague sehemu zipi, na kwa mpangilio gani? Kati ya Jumatatu na Jumanne, siku ipi ni bora? Wanafunzi wetu saba ni Waislamu. Watakula wapi na kusali vipi? Na mwisho, mmoja wa wanafunzi anatembea kwa magongo, nami sikubali abaki hotelini wakati wenzake wanapanda mlima.

Aliyesoma Madrid, Jinja

Mwalimu, nianze na lililo rahisi: nendeni Jumanne. Sinagogi la El Tránsito, ambalo leo ni makumbusho ya taifa ya Wayahudi wa Uhispania, hufungwa Jumatatu, na makumbusho ya mchoraji El Greco pia hufungwa siku hiyo. Mkienda Jumatatu mtakuwa mmelipoteza jengo ambalo kwa somo lenu ndilo muhimu kuliko yote.

Pandeni treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya Atocha. Safari huchukua kiasi cha nusu saa tu, lakini nafasi za treni za asubuhi hujaa upesi, kwa hiyo watu 18 na mwalimu wao wanunue tiketi mapema, za kwenda na za kurudi kwa pamoja. Yapo pia mabasi yanayoondokea Plaza Elíptica, nayo ni nafuu, ila hutumia saa nzima au zaidi. Mkishuka Toledo, msitoke nje mbio. Stesheni yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1919, imejengwa kwa matofali, matao na vigae kwa kuiga mtindo wa mafundi Waislamu waliofanya kazi chini ya wafalme Wakristo, na dakika tano za kuitazama zitawaandaa wanafunzi kwa watakayoyaona mjini.

Kuhusu mwanafunzi wa magongo: mji ni miinuko mitupu na njia zake zimetandikwa mawe, na ni vyema ajue hivyo kabla. Hata hivyo kuna ngazi za umeme za umma karibu na lango la Bisagra, ambazo hupandisha watu kutoka chini ya kuta hadi katika mitaa ya juu. Kutoka stesheni anaweza pia kupanda basi la mji au teksi hadi uwanja wa Zocodover, akawasubiri wenzake hapo wanaokuja kwa miguu kupitia daraja la Alcántara. Kutoka Zocodover hadi kanisa kuu si mbali. Kutoka kanisa kuu hadi mtaa wa Wayahudi njia huelekea chini kwa sehemu kubwa, nako ndiko ugumu ulipo, kwani mteremko wa mawe humchosha mwenye magongo kuliko mpando. Mpangieni mtu wa kutembea naye, na msimwekee haraka.

Sasa sehemu za kuchagua. Ningeacha karakana ya panga, maduka, na ngome ya Alcázar. Alcázar ni jengo lenye historia nzito, kwani lilizingirwa mwaka 1936 mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na likabomolewa karibu lote, lakini makumbusho ya jeshi yaliyomo humo sasa yanataka nusu siku peke yake. Ningebaki na sehemu nne: msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, ambao leo huitwa Cristo de la Luz, kisha kanisa kuu, kisha masinagogi mawili, Santa María la Blanca na El Tránsito.

Anzeni na msikiti. Ni chumba cha mraba chenye upana wa mita 8 hivi, unachoweza kukizunguka kwa dakika moja, nacho ndicho mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pote Toledo. Nguzo nne za katikati zinakigawa kuwa vyumba tisa vidogo, na ukiinua macho unaona kwamba kila kimoja kina kuba lake lenye mbavu zilizopishana kwa namna yake. Hakuna kuba mbili zinazofanana. Vichwa vya nguzo hizo vilichukuliwa kutoka majengo ya zamani ya Wavisigothi, na havilingani. Nje, juu ya matao ya mbele, kuna maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa matofali yenyewe, yanayoutaja mwaka wa 390 wa Hijra, yaani 999 au 1000, pamoja na jina la mjenzi, Musa ibn Ali. Upande wa pili utaona duara la altare lililoongezwa karne ya 12, baada ya msikiti kufanywa kanisa. Mwanafunzi anayesimama katikati ya chumba hicho anawaona Wavisigothi miguuni mwa matao, Waislamu juu ya kichwa chake na Wakristo mbele yake.

Niongeze jambo la fedha. Unauzwa ukanda wa mkononi unaomwezesha mgeni kuingia majengo kadhaa kwa malipo ya mara moja, ukiwemo msikiti huo, sinagogi la Santa María la Blanca, kanisa la Santo Tomé na monasteri ya San Juan de los Reyes. Kanisa kuu na El Tránsito hazimo. Santo Tomé ina mchoro mmoja mkubwa wa El Greco, wa maziko ya bwana wa Orgaz, aliouchora kati ya 1586 na 1588, nao hauhitaji zaidi ya robo saa. Mkipata nafasi, pitieni.

Mwalimu mstaafu, Mbale

Mwalimu mwenzangu, ndugu wa Jinja amekupa njia nzuri ya kupita. Mimi nitasema juu ya yale utakayowaambia wanafunzi wakiwa njiani, kwa kuwa hapo ndipo ziara nyingi za Toledo huharibika. Waongoza wageni wengi husimulia kwamba huu ni mji wa tamaduni tatu zilizoishi kwa amani, wageni wakafurahi, wakapiga picha, wakaondoka. Wanafunzi wako wanastahili habari kamili kuliko hiyo.

Ni kweli kwamba palikuwa na ushirikiano mkubwa. Katika karne ya 12 wasomi walimiminika Toledo kutafuta vitabu vya Kiarabu. Gerard wa Cremona alitoka Italia kwa sababu alikitaka kitabu cha Ptolemy cha elimu ya nyota, akakimaliza kukigeuza kuwa Kilatini mwaka 1175, na kufikia kifo chake mwaka 1187 alikuwa amefasiri kazi zaidi ya 70, ikiwemo Qanun ya Ibn Sina iliyosomwa na matabibu wa Ulaya kwa karne nyingi. Mara nyingi kazi ilifanywa na watu wawili: mmoja, Myahudi au Mkristo aliyekulia katika Kiarabu, alisoma kwa sauti na kueleza maana kwa lugha ya mtaani, na mwenzake akaandika kwa Kilatini. Karne iliyofuata Mfalme Alfonso wa Kumi, aliyezaliwa Toledo mwaka 1221, aliwaajiri Wayahudi Yehuda ben Moshe na Isaac ben Sid kuandaa majedwali ya mwendo wa sayari. Waeleze hayo, na uwaambie mapema kwamba hakuna jengo la zama hizo watakaloonyeshwa kuwa ndilo shule ya wafasiri, wasije wakapoteza muda kulitafuta.

Lakini katika mji huohuo mwaka 1391 Wayahudi walishambuliwa na kuuawa, kama ilivyotokea katika miji mingi ya Castilla na Aragón. Mwaka 1449 waasi wakiongozwa na Pero Sarmiento walitangaza Toledo kwamba mtu mwenye asili ya Kiyahudi, hata kama amebatizwa, asishike madaraka ya mji. Mwaka 1492 Wayahudi wote wasiokubali ubatizo walifukuzwa nchini, na mwaka 1502 Waislamu wa Castilla wakapewa chaguo lilelile. Hivyo anayeingia El Tránsito lazima aulize maswali mawili kwa pamoja: iliwezekanaje ijengwe, na ilikuwaje ikabaki bila wenyewe? Aliyeijenga ni Samuel ha-Levi, mweka hazina wa Mfalme Pedro, katikati ya karne ya 14. Kuta zake za chokaa iliyochongwa zina zaburi kwa Kiebrania, zina maandishi ya Kiarabu katikati ya majani na maua, na zina ngao za Castilla na León. Maandishi ya ukuta wa mbele yanamsifu mfalme pamoja na mweka hazina wake. Miaka michache baadaye mfalme huyohuyo alimtia gerezani Samuel, akafa kwa mateso.

Wanafunzi wa Uganda wana uwezo wa kulielewa jambo hili haraka kuliko wageni wengine. Wamesoma namna Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walivyogombania kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, kuanzia 1888, na namna vita vya Mengo vya Januari 1892 vilivyoamua nani apate uchifu na nani aende jimbo la Buddu. Wanajua kwamba dini zinaweza kukaa kwenye vilima vinavyotazamana kwa sababu mtu mwenye bunduki alichora mipaka. Wakifika Toledo na maswali hayo, watayasoma majengo vizuri.

Tena, Mwalimu, umesema huwezi kuwapa darasa la namna hiyo nyumbani. Kwa upande wa sinagogi unaweza. Kilima cha Nabugoye kiko nje kidogo ya mji wetu wa Mbale, na hapo ndipo lilipo sinagogi la Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya Waganda iliyoanzishwa na chifu Semei Kakungulu mwaka 1919. Wakati wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, wengi wakaiacha, na waliobaki walisali kwa siri. Sinagogi kubwa la sasa lilifunguliwa mwaka 2016. Walete wanafunzi huku kabla ya kusafiri. Waone Torati ikitolewa mahali pake, wasikie nyimbo, wakutane na watoto wa jamii hiyo. Kisha wakisimama katika Santa María la Blanca, kati ya nguzo nyeupe za pembe nane na matao ya umbo la kwato la farasi, wataelewa wenyewe ni kitu gani kinakosekana ndani ya chumba kile kizuri.

Binti wa Arua

Assalam alaykum, na salamu kwa wote. Niliishi Madrid nikisomea shahada ya uzamili, na nilifika Toledo pamoja na wenzangu kutoka Senegal na Moroko, kwa hiyo nitajibu swali la Waislamu.

Chakula kisiwatishe, ila wasikitegemee cha kukutana nacho njiani. Vyakula vingi vya Toledo vina nguruwe, na chakula kinachojulikana sana katika baa za huko, carcamusas, ni mchuzi wa nguruwe na nyanya. Hata mboga zilizopikwa au supu zinaweza kutiwa vipande vya nyama hiyo, hivyo waulize kila mara kabla ya kuagiza. Kinachosalimika ni samaki, mayai yaliyokaangwa na viazi, saladi na mkate. Sisi tulinunua vyakula Madrid asubuhi katika mtaa wa Lavapiés, ambako kuna mabucha na migahawa ya halali, tukala kwenye benchi la bustani. Ni vizuri pia kwa mfuko wa wanafunzi, maana Wahispania hula chakula cha mchana kuanzia saa nane, na migahawa ya kati ya mji hujaa saa hizo. Mazapán, peremende ya lozi na sukari inayosifiwa sana mjini humo, wanaweza kuonja bila shida, kwa hiyo lile duka la wakala si baya kama mtalipitia mkiwa njiani.

Kuhusu sala, msipange kusali Cristo de la Luz. Ni jengo la makumbusho chini ya Kanisa, na walinzi hawataruhusu. Sisi tulitumia ruhusa ya msafiri, tukapunguza na kujumlisha Adhuhuri na Alasiri mahali tulivu karibu na mto, chini ya daraja la San Martín, na hakuna aliyetusumbua. Mwalimu awatengee nusu saa iliyoandikwa ndani ya ratiba, ili wasijihisi wanawachelewesha wenzao.

Nina jambo la kuongeza kwa ajili ya kanisa kuu, kwa sababu wanafunzi Waislamu wanaweza kuingia humo wakidhani halina habari yao. Kanisa lile, lililoanza kujengwa katika miaka ya 1220 na kukamilika mwaka 1493, limesimama mahali palipokuwa na msikiti mkuu. Kwa mujibu wa masimulizi ya jadi, Alfonso wa Sita alipoutwaa mji aliahidi kwamba Waislamu watabaki na msikiti wao. Alipokuwa safarini, malkia na askofu mkuu wakauchukua kwa nguvu usiku. Mfalme alirudi akiwa na hasira na nia ya kuwaadhibu, na aliyekwenda kumsihi awasamehe alikuwa faqihi, yaani mwanazuoni wa sheria, wa Waislamu wenyewe, Abu Walid, aliyehofia damu zaidi ingemwagika. Sanamu ya faqihi huyo imechongwa kwenye nguzo ya eneo la altare kuu, miongoni mwa wafalme na watakatifu. Mlinzi mmoja ndiye aliyenionyesha nilipomuuliza. Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza yule mzee alivyoiacha haki yake ili watu wake wabaki hai, na jinsi walioichukua walivyomweka ukutani kwa heshima. Waacheni wanafunzi wajadili kisa hicho wenyewe, Waislamu na Wakristo pamoja, wakiwa wamekaa mbele yake.

Msafiri wa Gulu

Kwa heshima zote, kwa nini msiende Córdoba? Msikiti mkuu wa huko ulianza mwaka 785, na kanisa lililopandwa katikati yake katika karne ya 16 linaonyesha kwa jicho moja yale yote mnayoyatafuta Toledo kwa kuzunguka. Treni kutoka Madrid haizidi saa mbili.

Aliyesoma Madrid, Jinja

Ndugu wa Gulu, Córdoba ni ya ajabu, na mwenye siku mbili asiikose. Lakini nauli ya treni ile kwa watu 19 ni kubwa mara kadhaa kuliko ya Toledo, na kwenda na kurudi kutakula karibu saa nne za siku. Mwanafunzi wa magongo pia atachoka kabla ya kufika. Kwa siku moja na bajeti ya chuo cha Uganda, mimi nabaki na Toledo.

Mwalimu wa Historia, Kampala

Nawashukuru sana, na nimekwisha kumwandikia wakala abadilishe mpango. Tutakwenda Jumanne. Asubuhi tutaingia Bab al-Mardum tukiwa vikundi viwili, kwa kuwa chumba ni kidogo, kisha kanisa kuu hadi saa saba na nusu, na hapo tutaifikia nguzo ya faqihi aliyoitaja binti wa Arua. Baada ya chakula na sala tutateremkia Santa María la Blanca na kumalizia El Tránsito, ambako nataka tukae saa nzima. Santo Tomé iko njiani, tutaipitia kama miguu itaruhusu. Mwanafunzi wetu wa magongo nimezungumza naye, na amechagua teksi hadi Zocodover na kutembea kuanzia hapo na rafiki yake.

Kila mwanafunzi atapewa jengo moja miezi miwili kabla, na siku hiyo yeye ndiye atakayewaeleza wenzake nani alilijenga, nani alilichukua na kwa hati gani. Mimi nitakaa kimya hadi niulizwe.

Mzee wetu wa Mbale, shauri la Nabugoye limenigusa kuliko yote, na ningependa tuje kabla ya muhula kufungwa. Je, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu itafaa, ili wanafunzi waione ibada yenyewe? Na tufuate utaratibu gani?

Mwalimu mstaafu, Mbale

Itafaa, mkikubali masharti ya Sabato. Andikeni barua kwa viongozi wa jamii mapema, muombe ruhusa ya kuhudhuria kama wageni, na mtaje idadi yenu. Njooni Ijumaa mlale mjini, kwani kutoka Kampala asubuhi hamtaiwahi ibada. Simu zizimwe kabisa, kusiwe na picha wala kuandika ndani ya sinagogi siku hiyo, na wanaume waje na kofia za kufunika kichwa. Maswali yenu yawekeni hadi Jumapili asubuhi, ambapo wazee wanaweza kukaa nanyi na wanafunzi wakaandika wapendavyo. Barua ikiwa tayari nitumie nakala, nami nitaipeleka kwa mkono.